Aliyekata Anemoni ni Mimi

Chumba cha nyuma, karibu na stoo,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Najua salamu hutangulia, lakini nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, unanijua. Kwa hiyo pokea hili kwanza: aliyeharibu tangi lako la samaki si Fundi. Ni mimi. Sijamwambia mtu yeyote.

Sasa shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na baridi ya huko imepungua? Sisi ni wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi. Kaka anakula, analala, anacheka watu. Mimi usingizi unanipiga chenga.

Unakumbuka jiwe ulilokuja nalo likizo iliyopita, ukalizamisha tangini mwenyewe bila kumngoja Fundi alikague? Baada ya mwezi liliota kiua cha kahawia, chembamba hadi mwanga unapita. Nilikipenda. Fundi, kama unavyojua, alikuwa anatumwa na duka la samaki kila Jumamosi kusafisha tangi. Alipokuja alikigusa kwa kijiti, kikanywea tunduni kabla sijapepesa macho.

"Huyu si ua, ni mnyama, na ni adui," akasema. "Ni anemoni, mnyama wa baharini mwenye umbo la ua. Anemoni mzuri ana ncha butu na hana haraka ya kujificha. Huyu ana ncha kama sindano, halafu mwoga kama wewe."

Nikacheka. Fundi ni mtu pekee anayenitania bila kuniumiza. Akasema Jumamosi ijayo atakuja na chokaa ya kumuua. Akarudia mara mbili: usimkate, usimkwangue.

Mjomba, nilimkwangua. Alikuwa amenyoosha mikono kuelekea tumbawe lako la kijani, lile unaloliulizia kila ukipiga simu kabla hujatuulizia sisi, na upande ule ulishaanza kuwa mweupe. Nilidhani Fundi anaogopa tu jiwe lisichubuke. Nikachukua wembe wa Kaka, nikakwangua mpaka jiwe likang'aa, nikajiona shujaa. Fundi alipoleta chokaa nikamwambia amejifia mwenyewe. Kumbe kila kipande kinachobaki, hata kidogo kama punje ya mchanga, kinaota mnyama mzima. Wiki tatu baadaye nilihesabu arobaini na wawili.

Mama aliwaona mbele ya wageni. Akamngoja Fundi mlangoni.

"Umetuletea uchafu gani huu? Ndiyo kazi uliyosomea?"

"Mama, hawa wamekatwa. Kuna mtu amepitisha kitu chenye makali."

"Mtu gani? Huyu?" Akaninyooshea kidole. "Huyu bubu wangu?"

"Huyo akikata kitunguu tu analia," Kaka akadakia.

Wakacheka. Fundi akanitazama. Alijua, Mjomba. Alininyamazia makusudi ili niseme, nami nikaangalia vidole vya miguu yangu. Akafunga mkoba wake, akaondoka. Mkebe wa chokaa aliuacha.

Jioni ile Mama alikupigia simu. Ukasema, "Basi mwondoeni."

Kisha nikaitwa niandike malalamiko kwa mwenye duka, kwa lugha ya shule, maana yule bwana hasomi Kiswahili. Niliandika neno la uzembe. Mama hakulitaja, nililitafuta mwenyewe kwenye kamusi kwa sababu sentensi ilipendeza nalo. Kwa mdomo siwezi hata kuomba chumvi mezani, lakini kwa kalamu nimemfukuzisha mtu kazi.

Nina hasira, Mjomba. Namkasirikia Kaka kwa kicheko chake. Namkasirikia Mama, kwa kuwa haamini naweza kufanya lolote, hata baya. Na wewe nimekukasirikia pia. Jiwe lilikuwa lako, na hukuuliza swali hata moja. Sentensi hii nimeifuta mara mbili. Sasa naiacha.

Tangi usilihofie. Kila nikitoka shule nazima pampu, nakoroga chokaa iwe uji mzito, naivuta kwa bomba la sindano na kuwamiminia mdomoni mmoja mmoja, polepole, wasije wakanywea. Watano tu kwa siku. Nikizidisha maji yatachafuka na samaki watakufa. Kaka akipita anauliza, "Daktari wa maua, mgonjwa anaendeleaje?" Wamebaki kumi na saba.

Tumbawe lako limekufa nusu, na hilo siwezi kulirudisha. Fundi anaweza kurudishwa. Nakuomba umpigie simu mwenye duka, wewe atakusikiliza. Lakini sikungoji. Nimemwandikia barua nyingine kwa lugha yake, na safari hii uzembe nimeuandika kuwa wangu. Kesho naipeleka kwa mkono wangu, na akiniuliza nitamjibu kwa sauti.

Wasalimie mkaza mjomba na mapacha, hasa yule anayeuma kucha. Mungu akulinde huko uliko na akupunguzie maumivu ya mgongo.

Nasikia kandambili za Mama koridoni. Siku zote huwa nasukuma karatasi chini ya godoro. Leo nimeziweka zote mbili juu ya meza, yako na ya mwenye duka, maandishi yakitazama juu. Amefika mlangoni. Sijasogeza mkono.

Mpwa wako akupendaye hata akiwa na hasira nawe.