Salamu Si Swali

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, ingawa shikamoo yako umeibandika mwisho wa barua kama mtu aliyeikumbuka akiwa mlangoni. Sisi hapa Magomeni wazima. Mjomba wako kapaka duka rangi, baya hilo!

Unauliza utajuaje kama mfungwa unayempima akili anasema kweli. Yaani chuo chote hicho, unakuja kumuuliza bibi wa darasa la nne! Haya, sikiliza.

Miaka ile ya ruksa, kila mtu alipofunguliwa biashara, mgambo alimwaga vitumbua vyangu Kariakoo, nikampiga kwa beseni. Nikawekwa mahabusu, na mama yangu akafa nikiwa humo. Askari wakasema mwanamke wa kupiga mgambo hana akili timamu, wakaniletea daktari wa akili. Akisema mimi kichaa, sirudi kwa wanangu.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

Akaandika. "Mama yako kazikwa juzi, unasema nzuri? Huna uchungu wewe."

"Daktari, umenisalimia, nimeitikia. Kwenu msibani hamwanzi na nzuri? Ukitaka uchungu wangu, niulize sasa."

"Hapa nauliza mimi!"

"Basi uliza!"

Hakuuliza. Akaandika kwamba mimi ni mkaidi. Mkaidi si kichaa, na siku nilizokwisha kaa ndani zikahesabiwa adhabu, wakaniachia, nikarudi Kariakoo na beseni langu lile lile.

Kwa hiyo hao wafungwa wako wasalimie kwanza, wakuitikie, ndipo uwaulize. Na hapo juu nimekwambia sisi wazima. Hilo ni jibu la salamu. Mguu wangu umevimba, na wewe hujauliza.

Bibi yako,
Mwanaidi