Zabibu Iliyofukuzwa Kwao

Beaujolais, Ufaransa
11 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na goti lako limepata nafuu. Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Simu zangu hupokei, basi nimeona niandike.

Nimejua kwa nini mizabibu yangu ilikufa. Mzabibu lazima ulale. Sasa hivi huku yote imepukutika, imebaki vijiti vyeusi, na sisi tunaikata matawi ikiwa usingizini. Mimi niliipanda Kibosho, kwenye udongo mnono na mvua za masika, haikulala hata wiki moja, ukungu ukaimaliza. Na kwa upuuzi huo nilikata kahawa aliyopanda Babu, wewe ukiwa umelazwa hospitali. Ulikuwa na haki ya kunifukuza.

Zabibu ya huku inaitwa gamay. Zamani ilikuwa juu kidogo, Bourgogne, kwenye mawe ya chokaa. Mtawala wa huko akaichukia, akaamuru ing'olewe, ibaki zabibu nyingine, pinot noir. Leo inastawi hapa kwenye vilima vya mawe magumu, ambako hata magimbi yasingeota. Nikiikata huwa nakukumbuka wewe.

Kwenye bahasha kuna jani la isale, la kukuomba msamaha kwa mila yetu. Huku wanaliotesha kwenye chungu, pambo la dirishani. Nilipoliona kwa mwenye shamba nililia mbele za watu. Naomba unisamehe, Baba.

Mwanao,
Theodory


Kibosho
2 Aprili 2025

Mwanangu Theodory,

Marahaba. Milele, amina. Sisi tupo, goti ni lile lile.

Barua nimeisoma. Jani nakurudishia. Isale halitumwi kwa posta kama kadi ya Krismasi. Mkosaji analileta mkononi, ametanguliwa na mtu mzima, anapiga magoti uani na watu wanamwona. Wewe umechuma pambo la Mzungu, ukalamba stempu, ukaona umemaliza. Ukitaka kukanyaga kihamba hiki, shamba la ukoo, tena, njoo. Baba yako mdogo Gidioni atakutangulia.

Na hiyo zabibu yako haikufukuzwa kwa kukata kahawa ya babu yake.

Mama yako ananisumbua niandike kwamba anakuombea. Nimeandika.

Baba yako,
Martin


Beaujolais
8 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Mnaendeleaje? Mimi sijambo.

Jani limefika, limekauka. Umesema kweli, nitalileta mwenyewe. Lakini mkataba wangu ni mpaka mwisho wa mavuno, na hapo ndipo napewa tiketi ya kurudi. Nikiondoka kabla, tiketi hakuna. Nivumilie mpaka Septemba. Niambie neno moja tu, kwamba nikija utalipokea.

Mwanao,
Theodory


Beaujolais
17 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Habari za nyumbani? Jibu lako bado sijalipata, nadhani posta imechelewa.

Jua limeivisha zabibu mapema, tumeanza kuvuna wiki hii. Gamay huku huvunwa kwa mkono, na miti yake ni mifupi, unainama kutwa. Juzi nimeanguka katikati ya mistari, kizunguzungu. Wenzangu wananiambia nipumzike. Anayepumzika huku anaambiwa asirudi kesho, na mimi hiyo tiketi siwezi kuipoteza. Zimebaki wiki tatu. Mwambie Baba mdogo ajiandae.

Mwanao,
Theodory


Kibosho
12 Septemba 2025

Mwanangu Theodory,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimejiitikia mwenyewe: milele, amina.

Padri alikuja na Gidioni wiki mbili zilizopita. Walipokataa kukaa nikajua. Walisema ulianguka mchana ukiwa na ndoo yako, ukawahishwa hospitali, hukufika. Barua yako ya Agosti imeletwa jana. Nimeisoma nimesimama, Mama yako akiwa jikoni, sijamsomea.

Jibu la ile ya Juni nililiandika siku ile ile. Niliandika: njoo, nitalipokea. Halafu nikalitia kwenye koti la kanisani, nikasema acha asote kidogo. Bado limo humo.

Tena kuna jambo nilikuficha. Visiki vya kahawa vilichipua tangu mwaka juzi. Nimevipalilia, nimevifunika kwa majani ya migomba, na msimu huu vimetoa maua. Nilikataza mtu yeyote asikwambie, kwa sababu nilitaka uendelee kuumia. Nilikuwa baba mbaya, Theodory.

Kesho unafika uwanja wa ndege wa KIA. Asubuhi nitakata isale hapa nyuma ya nyumba, Gidioni atanitangulia, na nitapiga magoti pale pale wanapotolea mizigo, watu wakiniona. Kaburi tumelichimba kando ya kahawa ya Babu. Barua hii nitaiweka kwako pamoja na jani.

Kwa mila yetu anayeletewa isale hakatai. Mimi nilikataa. Wewe naomba usinirudishie.

Baba yako,
Martin