Chepe la Mama Halikutoka Ujerumani

Jumapili, mchana. Jua kali, na upepo umeamua kukusanya vumbi lote la Bariadi na kulimwaga dirishani kwangu. Ni msimu wa kuuza pamba. Malori yanapita tangu asubuhi, na kila likipita linaacha nyuzi nyeupe zimening'inia kwenye miiba ya uzio. Kuna watu wanaona hapo uzuri. Mimi leo sioni uzuri wa kitu chochote.

Nina hasira, na sitaki kungoja zipoe ndipo niandike.

Sehemu ya maoni nimeifunga. Najua mngeniambia nini: samehe, huyo ni ndugu, hayo ni mambo madogo. Ni madogo kweli. Kubwa kuliko yote halifiki kidole changu cha mwisho. Ndiyo kazi yangu, kutengeneza vitu vidogo.

Kwa aliyeingia hapa leo kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi cherehani, nina kibanda sokoni, nashona sare za shule na magauni ya kwaya. Nikitoka hapo natengeneza vikorokoro vya magari ya jeshi. Magari yenyewe, yale madogo ya kuweka mezani, anayaunda shemeji yangu Maduhu, mdogo wake mume wangu, anayekaa Nyalikungu kule Maswa. Yeye anakata bati na mbao, anaunganisha, anapaka rangi, na lori linatoka kama lile la kweli ila limesinyaa mara thelathini na tano. Halafu ananiletea mimi, kwa sababu lori la jeshi lisilo na vitu vyake ni tofali lenye matairi. Linataka dumu la maji, kamba ya kuvutia, shoka, turubai lililokunjwa, kioo cha pembeni, ndoo inayoning'inia nyuma. Hivyo ndivyo vinavyokufanya uamini kuna mtu ameshuka humo, ameingia kichakani kujisaidia, na sasa hivi atarudi.

Hakuna duka la vitu hivyo hapa kwetu, na hata lingekuwepo nisingeingia. Dumu nalikunja kutoka kwenye tyubu ya dawa ya fangasi, ile ya bati laini. Vioo vya taa ni vile vishimo vya plastiki vinavyobeba vidonge. Kamba ni uzi wa pamba, lakini uzi una manyoya, na kwenye kitu kidogo namna hii manyoya yanafanya kamba ionekane kama mkia wa paka, kwa hiyo naupitisha kwenye nta ya mshumaa na kuusugua mpaka ulale. Turubai nalo usidhani ni kitambaa. Kitambaa ukikikata kidogo hivyo kinakataa kukunjika, kinasimama kama kola yenye wanga. Karatasi ya chooni iliyolowekwa kwenye gundi nyeupe ndiyo inayokubali.

Halafu kuna chepe.

Chepe la lori hili lilinisumbua kuliko vyote. Nililitengeneza, nikalitupa, nikalitengeneza tena. Vipimo vilikuwa sawa, mpini wa kijiti cha kuchokonolea meno, bapa la tyubu, na bado lilikuwa limekufa. Mpaka nilipokwenda Kimali kumsalimia mama yangu, nikamkuta anatoka mtoni. Kiangazi mto wa kule hukauka, maji yanachimbwa mchangani. Mama anatumia mkono wa kushoto, na chepe lake limelika kwa kumfuata yeye: kona moja mchanga umeila mpaka imekuwa duara, nyingine bado ina ncha. Nilirudi Bariadi nikachukua tupa ya kucha, nikalisugua langu likawa vilevile. Nilipolibandika ubavuni, lori likapata askari. Simjui jina, ila anatumia mkono wa kushoto na amechoka.

Nililipenda lile chepe. Sioni aibu kulisema.

Sasa Ijumaa. Kuna mzee wa Lamadi anamalizia hoteli yake pale karibu na barabara kuu, anangoja watalii wa Serengeti. Anapenda vitu vya jeshi, na alisikia habari za Maduhu. Akataka lori likae mapokezi, ndani ya kabati la kioo, kila anayeingia alione kwanza kabla ya kupewa ufunguo. Ninyi hamjui hilo lina maana gani kwetu. Kazi zetu zote mpaka sasa zimekaa juu ya kabati la vyombo la mama mkwe, na zinapanguswa kwa kitambaa kibichi.

Kwa kuwa lori lilikuwa kwangu, Maduhu alimleta mzee sebuleni kwangu. Nilipiga chapati. Alinisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila mayu," yaani mama, nikamwitikia vizuri, nikaweka soda. Nilingoja Maduhu aseme huyu ndiye mwenzangu. Akaanza kueleza jinsi anavyokunja bati la boneti.

Mzee alilinyanyua lori akalizungusha. Ana mikono mizuri, hilo namkubalia, hakulishika kama kuku. Akauliza, "Na hivi vidude mnapata wapi?"

"Hivyo vinatoka Ujerumani, mzee," Maduhu akasema. "Tunaagiza."

Alisema bila kupepesa macho, na mimi nimesimama pale na sinia.

Mzee akalisogeza lori dirishani penye mwanga. "Ndiyo maana," akasema. "Wenzetu wale wako makini. Hebu ona, hata chepe limelika upande mmoja. Mwafrika gani angekumbuka hilo?"

Mama yangu hajafika hata Mwanza.

Lazima niwe mkweli hapa, la sivyo sina haja ya kuandika. Kabla ya lile neno la Mwafrika gani, kwa muda mfupi sana, nilisikia raha. Mtu alikuwa anaitazama kazi yangu kwa macho ya heshima. Nilikuwa Mjerumani na nilifurahi. Hilo nalo limenikasirisha.

Niliweka sinia chini nikamwambia: mzee, hilo chepe ni la mama yangu, yuko Kimali, na limelika hivyo kwa sababu anatumia mkono wa kushoto. Hivyo vyote nimetengeneza mimi, hapo kwenye meza ya cherehani.

Akaacha kutafuna. "Wewe, mayu?"

"Mimi."

"Kwa kutumia nini?"

Ningeweza kusema bati. Nikasema tyubu ya dawa ya fangasi, kwa sababu ndiyo kweli na kwa sababu hasira zilikuwa zimeshanipanda.

Alilirudisha lori mezani. Akatoa leso, akajifuta vidole kimoja kimoja. Halafu akamgeukia Maduhu na kumwambia kwamba basi, kama ni hivyo, hili litafaa kule nyuma kwenye bembea, watoto wa wageni wapate cha kuchezea.

Chepe lilikuwa lilelile.

Nilikwenda jikoni. Mjinga mimi, nilijiona nimeshinda. Nilisema walau limesemwa, lori likae popote, likae hata chooni, lakini limesemwa. Kisha kutoka sebuleni nikasikia kicheko kikubwa, cha wote wawili. Nikadhani wananicheka. Sikukosea, ila sikujua kwa nini.

Jana ndiyo nimejua. Maduhu alipiga simu, sauti imejaa furaha. "Shemeji, mambo yamenyooka. Nilimwambia ulikuwa unatania. Mzee alicheka mpaka akapaliwa na soda. Lori linakwenda mapokezi." Na kibao kimeshaandikwa. Lori ni la Maduhu wa Maswa. Vifaa vimetoka Ujerumani.

Anasema alinisaidia. Anangoja nimwambie wabeja, asante.

Kwetu shemeji na shemeji wanataniana, hilo halihitaji maelezo. Mimi na Maduhu tumetaniana tangu siku naolewa. Alinificha kiatu asubuhi ya harusi. Mimi nilimwita "mume wangu mdogo" mbele ya mchumba wake, nusura aachwe. Ukisikia maneno makali yanatoka katikati yetu hutakiwi kushtuka, wanasema ni mashemeji hao, na watu wanacheka na kuendelea kula. Nimeufurahia utani huu miaka yote. Sikujua kama siku moja mtu anaweza kuuchukua na kuufunika juu ya kitu cha kweli nilichokisema, na kweli ikageuka uongo mbele ya mgeni, na uongo ukawa kweli.

Tena sina pa kutokea. Nikimpigia mzee wa Lamadi nikamwambia haukuwa utani, atacheka zaidi. Nikikasirika, ndiyo utani wenyewe unakolea. Nikilia, watasema shemeji anajua kuigiza. Nimezunguka jambo hili tangu jana kutafuta mlango, na sijauona.

Mume wangu nilimweleza wakati wa chakula. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa si limekwenda mapokezi? Ulitaka nini zaidi?" Na akaomba kuongezwa mboga.

Nilitaka nini. Nilitaka yule mzee aambiwe chepe ni la nani, na baada ya kuambiwa aendelee kulitazama. Hayo tu. Sikutaka kibao wala jina langu kwenye kioo.

Na kinachonichoma zaidi si uongo wa Maduhu. Ni kwamba alimjua vizuri yule mzee, na mimi sikumjua. Maduhu alijua kwamba kikiwa cha Ujerumani kitashikwa kwa vidole viwili, na kikiwa cha mezani kwangu vidole vitafutwa kwa leso. Alikuwa sahihi. Namchukia kwa kuwa sahihi. Namchukia mzee kwa kumfanya awe sahihi. Na wewe unayesoma, ambaye ungeingia pale mapokezi na kusema ndiyo maana, wenzetu wale, wewe nawe nakuchukia kidogo leo.

Lori bado liko kwangu. Mzee alipolizungusha alipinda kioo cha pembeni, kwa hiyo limebaki nikinyooshe, na kesho Maduhu analifuata alipeleke Lamadi. Leo sikwenda kanisani. Magauni ya kwaya yamekwenda yenyewe, nami nikakaa mezani na wembe na kibano.

Kioo nilikinyoosha kwanza. Nilikinyoosha vizuri kabisa, sijui kwa nini, labda mkono umezoea. Kisha nikaking'oa.

Supaglu haiachii kwa hiari. Dumu la maji lilitoka na kipande cha rangi. Kamba ilitoka nzima. Shoka lilivunjika mpini. Turubai lilipasuka vipande, na hilo halitarudi tena, lilinichukua jioni nyingi na nililiona linapasuka na sikusimama. Ndoo. Taa. Chepe niliacha mwisho. Lilipotoka liliacha umbo lake ubavuni mwa lori, la rangi iliyofifia, na hata ile kona iliyolika inaonekana.

Sasa viko kwenye kisahani cha chai. Nitasema na hili pia: bila lori la Maduhu, vilivyomo kwenye kisahani hiki ni takataka. Ukiingia hapa hujui, utavimwaga pamoja na majani ya chai. Hakuna mtu Simiyu nzima anayeweza kukunja boneti kama yeye, na sitapata mwingine. Nilijua hivyo wakati nashika wembe.

Mume wangu ameingia sasa hivi kutoka kanisani. Ameliona lori liko uchi, ameona kisahani, ameniangalia. "Umefanya nini?"

Nikamwambia natania.

Hakucheka. Ametoka nje, namsikia anaongea na simu kwa sauti ya chini, bila shaka ni Maswa, na baada ya Maswa itafuata ya mama mkwe. Kitaitishwa kikao. Nitaambiwa nimeaibisha ukoo kwa sababu ya vijiti na tyubu. Inawezekana mama mkwe akianza kunibembeleza nitalegea, namfahamu na najifahamu. Ndiyo maana nimeandika yote haya kabla ya simu yangu kuita, nikianza kulegea nije nisome hapa.

Vikorokoro nimevifunga kwenye kitambaa. Jumamosi navipeleka Kimali. Mama ataliangalia chepe lake, ataniuliza limetoka wapi, na nitamweleza, na yeye hatajifuta vidole.

Kesho Maduhu akija nitamkaribisha, nitampa chai, nitamkabidhi lori lake. Ni zuri, bati limekunjwa vizuri, sitasema vinginevyo. Akiuliza vifaa viko wapi, nitamwambia si vinatoka Ujerumani, basi aagize.