Bareti Moja Kutoka kwenye Mashine Yako

Kaka Kalume,

Ulishinda. Nane haitoshi. Nalisema mapema ili ucheke kwanza, maana mengine yote ya hapa Nyamianda hayachekeshi.

Tangu risasi ikukute ukirudi na mafuta ya jenereta, mji umefungwa. Barabara ya Luvungi imekatwa kwa bariyeri, vile vizuizi vya wapiganaji, ya Makobola pia, na maboti hayatoki. Baba mkubwa amebaki Luvungi, upande wa pili wa vita, na bila yeye hakuna wa kuondoa matanga. Kabla ya hapo desturi hairuhusu vitu vya aliyefariki kufunguliwa, kwa hiyo vyako havijaguswa. Kompyuta yako ya michezo iko pale pale, imefunikwa kitenge cha Mama. Inaniuma kupita karibu nayo, na nyumba ilivyo ndogo, sina pa kupita pengine.

Unakumbuka tulivyobishana siku unaniundia yangu? Nilisema giga nane za RAM zinanitosha. "Weye uko na kichwa nguvu," ukasema. "Nane inafungua muchezo tu, haikufikishi. Kumi na sita ndiyo inaenda muzuri. Thelathini na mbili ni ya kujionyesha." Nikachukua nane makusudi, nikununie vizuri.

Sasa Mama. Haongei, Kaka. Anatazama ukuta, chakula anakionja tu. Mama yule aliyekuwa akitoka Luvungi na magunia ya mchele, amekaa mbele kwenye lori, akimgombeza dereva njia nzima. Niliogopa tutamzika na yeye. Juzi umeme uliporudi, akauliza ghafla: "Ule muchezo wa malori wa Kalume, weye unaujua?"

Nikaufungua kwenye mashine yangu, nikamwonyesha vitufe. Akaendesha hadi njia ilipoingia mjini. Pale picha ikakwama, lori likasimama. Akangoja, wee, halikusogea.

"Hata humu iko bariyeri?"

Nikamweleza kwamba ni RAM, imejaa. Mji ule una nyumba na magari mengi kuliko nane inavyoweza kubeba. Tungehitaji bareti nyingine, kile kipande cha RAM kinachopachikwa ndani, na madukani hakuna. Halafu macho yangu yakaenda kwenye kitenge. Mama akayafuata. Akasimama, akakivuta kitenge mwenyewe.

"Toa. Miye ndiye nilimuzaa."

Sikuthubutu kumkumbusha desturi. Nilifungua mashine yako kwa bisibisi yako, nikachomoa bareti moja ya nane, nikaisugua meno yake ya chuma kwa kifutio kama ulivyonifundisha. Nikaipachika kando ya yangu. Ile nyingine nimekuachia.

Lori likaingia mjini bila kusita. Mama akawa anawagombeza madereva wa ndani ya kioo, kwa sauti yake ile ya zamani. Alipofika akaegesha vibaya, akaweka mikono mapajani, akalia. Hakuwa amelia tangu tukuzike. Kisha akaomba ugali.

Siku Baba mkubwa atakapofika, nitamwambia mbele ya watu wote kwamba tulifungua bila yeye. Akidai mbuzi wa faini, nitatafuta mbuzi. Nakuahidi.

Lala salama, Kaka. Nje wameanza tena kupiga risasi, mlango nimeukaza. Mama ananiita, anataka kusafiri.

Mdogo wako,
Furaha