Hewa ya Mchana Haina Mgongo

Gaudensi, mume wangu,

Huna adabu. Ulinijia usingizini mahindi yakiwa magotini. Sasa tumeyavuna, tumeyapukuchua, na hujarudi. Mimi ni bibi yako, mzaa baba yako. Hata aliyekufa ana wajibu wa kusalimia. Nakuandikia mwenyewe, kwa herufi zangu za kisomo cha ngumbaru, zile ulizosema zinatembea kama kuku aliyenyeshewa.

Siku ile hukusema neno. Ulikuwa juu ya kijiji chetu, Mbuji, bila ndege, mikono umeitandaza, unapita polepole juu ya shamba letu. Nilikuona nikiwa chini, na papo hapo nikawa naona kwa macho yako: mashimo ya ngoro tunamolima yamepangana mlimani kama sega la nyuki, kama ulivyonisimulia ulipokuja likizo. Mbali kule ziwa limelala, na wale wadudu wake wanapanda kutoka majini kama moshi wa moto usio na mtu. Nilitaka kukuuliza jambo. Nikaamka mdomo wazi.

Jambo lenyewe ni Editha. Mdogo wako amepata nafasi katika shule ileile ya urubani uliyosoma wewe. Siku hizi za ruksa kila kitu kina mwenyewe: kahawa inanunuliwa na watu binafsi wenye magari yao, na ndege ndogo nazo zina matajiri wao, wanatafuta marubani. Baba yako amekataa. "Ndege imekula mmoja, inatosha." Kisha akasema neno la mwisho ni la mama yake, yaani mimi, akanitwisha mzigo akaenda zake kilabuni. Unamjua mwanangu.

Nikawa nakumbuka Lundo, tuliposhuka ziwani kubadilisha maharage kwa samaki. Ulichukua ungo wangu, ukasimama ufukweni kuukabili upepo, ukauinamisha kidogo tu, ukaniambia nishike. Nikausikia unaniinua mikono. "Hilo ndilo bawa, Bibi. Hewa ikipita, inalibeba." Nami nikajitia mjuaji, nikainua mdomo wa ungo zaidi ili upae zaidi. Ungo ukatetemeka, ukafa mikononi mwangu. Ulicheka mpaka ukakaa mchangani. "Umeua ndege, Bibi. Ukizidisha kuinua pua, hewa inaachana na bawa."

Ukaniambia na la pili, nalo ndilo linaloniamsha. Kwamba hewa ya milimani ni nyembamba, na jua la mchana linazidi kuipunguza, inakuwa kama uji uliotiwa maji mengi. Haina mgongo wa kubeba. Ndege nzito hapo inataka kukimbia njia ndefu kabla ya kupaa, na hata ikipaa inapanda kwa shida.

Ulijua. Ulijua hayo yote, mtoto wangu, na bado mliondoka mchana, kiwanja kifupi cha mlimani, mizigo imejaa, miti iko mbele. Aliyeleta habari alisema ulikuwa kiti cha pili, ukamwomba mkubwa wako msubiri jua lipoe. Akasema twende. Ukasema ndiyo.

Wewe ulikuwa mtoto wa ndiyo. Kijiji kizima kilikusifia.

Sasa sikiliza. Juzi mvua imekatika, nikamtwisha Editha tenga la maharage alipeleke barabarani kwenye gari la mnunuzi. Ule mteremko wetu unaujua, ukinyeshewa ni sabuni. Akalipima kichwani, akalitua, akapunguza nusu.

"Nitarudi kuchukua mengine, Bibi."

Nikamwambia gari litaondoka.

"Liondoke."

Nikamwita mvivu. Nikamwambia atakayemwoa ana mkosi.

"Bora mvivu mwenye magoti mazima, Bibi."

Akashuka taratibu, akipima kila hatua. Gari likaondoka kweli, na nusu ya maharage iko humu ndani inanitazama. Nilikasirika mpaka nikasusa kula. Halafu, nikiwa nimekaa juu ya gunia la maharage yaliyobaki, kilio kikanijia, nikajua kwamba nimeshapata jibu, wala si wewe uliyelileta.

Nimemwambia baba yako: mtoto aende. Amenuna, lakini kiti changu ni kikubwa kuliko chake. Editha anapanda basi la Songea wiki ijayo. Nilimshika mashavu nikamwambia, hivyo unavyonikatalia mimi, wakatalie na hao wakubwa wa huko. Wakikuita mwoga, itika. Akasema, "Nitaitika nikiwa hai, Bibi." Kinywa hicho nani alimpa sijui.

Usidhani nimekuwa shujaa. Naogopa, Gaudensi. Nikisikia ndege inapita juu, jembe linasimama lenyewe, nasimama nalo mpaka sauti iishe. Lakini nakuahidi: sitamfunga mtoto miguu kwa machozi yangu. Nitalia basi likishapinda kona.

Basi pumzika, mume wangu mdogo. Mungu akufunike vizuri, huko juu najua kuna baridi.

Na ukija tena, usianzie kwangu. Pitia kwa Editha. Kaa nyuma ya kiti chake, usimguse, usimsemeshe; rubani anayetua hasemeshwi. Magurudumu yakishika ardhi, usiondoke bado. Ndege ikishasimama kabisa, naye ameshuka kwa miguu yake, ndipo uje kwangu.