Kisima cha Thales na Duara la Mzee Mseti

KIKUNDI CHA FALSAFA CHA JUMAPILI, NYAMONGO

Kumbukumbu za kikao cha tarehe 14 Machi 1993, kilichofanyika katika stoo ya mahindi ya Mwenyekiti baada ya ibada.

WALIOHUDHURIA: Mzee Mseti (Mwenyekiti, mwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu), Everlyne Atieno (Katibu, muuza duka), Nikolaus (Mwalimu, kutoka Morotonga, aliyesoma seminari na kuishia njiani), Boke (mama ntilie), Owiti (mchimbaji), na wachimbaji wengine sita.

WASIOHUDHURIA: Sarah, kwa udhuru wa msiba Nyambureti. Tonny, bila udhuru. Alionekana akiingia kilabuni wakati sisi tunafungua kwa sala.

KUMB. NA. 1/3/93: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 8:20 mchana. Aliwakumbusha wajumbe kwamba kikundi kilianzishwa ili watu wa machimbo wawe na jambo lingine la kuongea zaidi ya dhahabu. Aliagiza sululu na machepe yaachwe nje. Wajumbe walitii isipokuwa Owiti, aliyedai kwamba chepe lake la kwanza liliachwa nje likaota miguu.

KUMB. NA. 2/3/93: YATOKANAYO
Wajumbe walimkaribisha tena Boke, ambaye hakuwa amefika tangu mazishi ya kaka yake, Vincent, aliyetumbukia usiku wa mvua katika duara lililoachwa wazi kwenye njia ya mtoni. Kila mjumbe alimpa pole isipokuwa Mwenyekiti. Boke naye alimwamkia kila mkubwa isipokuwa Mwenyekiti. Katibu ameona iandikwe, kwa kuwa duara lenyewe ni la Mwenyekiti na hakuna mtu hapa Nyamongo asiyelijua hilo.

KUMB. NA. 3/3/93: SOMO: MWANZO WA FIKRA ZA WATU WA MAGHARIBI
Mwalimu alieleza kwamba zamani sana, upande wa Wagiriki, alikuwepo mtu aitwaye Thales, aliyeuliza vitu vyote vimetokana na nini bila kukimbilia kusema ni kazi ya miungu. Jibu lake lilikuwa maji. Owiti alisema aliyewahi kuchimba wakati wa masika hawezi kumbishia. Mjumbe mwingine alitaka kujua kama na dhahabu imo. Mwalimu alijibu kwamba kwa Thales hata dhahabu imo, na wachimbaji wakatikisa vichwa kwa heshima.

Ndipo Mwalimu akasimulia kwamba siku moja Thales alikuwa anatembea huku anatazama nyota, akatumbukia kisimani, na kijakazi mmoja akamcheka kwa kujua ya mbinguni na kutojua ya miguuni pake. Wajumbe walicheka sana. Katibu pia alicheka. Boke hakucheka.

KUMB. NA. 4/3/93: SWALI LA BOKE
Boke alisimama bila kuomba ruhusa. Alisema: "Mwalimu, huyo mzee mnamcheka. Mimi nauliza, hicho kisima kilikuwa cha nani? Na kwa nini kilikuwa wazi?"

Mwalimu alisema kwamba kisa hicho amekisimulia mara nyingi, nacho husimuliwa miaka na miaka, lakini hajawahi kusikia mtu akimuulizia mwenye kisima. Alimshukuru.

Mwenyekiti alieleza kwamba swali liko nje ya ajenda. Owiti aliuliza ajenda gani hiyo, maana ajenda ni falsafa na Mwalimu mwenyewe alisema falsafa ni kuuliza. Mwenyekiti alimtaka akae. Owiti alisema amekaa tayari.

Kwa faida ya Mwalimu, ambaye ni mgeni, ilielezwa kwamba wachimbaji wa hapa huamini hivi: duara likiua mtu, anayemwaga udongo wa kwanza kulifukia ndiye amekiri kwamba damu ni yake. Mwenyekiti hafukii, kwa kuwa hakumsukuma mtu. Ukoo wa Boke haufukii, kwa kuwa utaonekana umeimeza damu ya ndugu yao bila kuidai. Kwa hiyo tangu mazishi duara liko wazi, mvua zinaongezeka, na watoto wa shule wanapita pembeni yake kila asubuhi. Katibu anao wawili miongoni mwao, na hulala vibaya.

KUMB. NA. 5/3/93: SABABU NNE
Mwalimu aliomba arukie somo la mbele. Alieleza kwamba Mgiriki mwingine, wa baadaye, alifundisha kuwa kila kitu kina sababu nne: kimetengenezwa kwa nini, kina umbo gani, nani amekifanya, na ni kwa lengo gani. Wajumbe walilipima duara kwa sababu hizo wakapata udongo laini, shimo refu lisilo na mfuniko, vijana wa Mwenyekiti, na dhahabu. Owiti aliongeza ya tano, kwamba marehemu alikuwa amekunywa. Boke alimtazama. Owiti aliiondoa.

Mwalimu aliwauliza wajumbe katika sababu hizo wanaliona wapi lile chepe la kwanza la udongo. Hawakuliona. Alisema kinachokuja baada ya kifo hakiwezi kuwa kimekileta.

Mwenyekiti alijibu kwa sauti ya chini: "Mwalimu, hayo umeyatoa kwa Wagiriki. Mimi naishi na watu wa hapa. Nikimwaga, kesho wajukuu wangu wataitwa wajukuu wa muuaji."

Hakuna aliyembishia, kwa kuwa ni kweli. Katibu alimwonea huruma, na hakutegemea.

Owiti alipendekeza kwamba kikundi kizima kimwage kwa pamoja, ili asiwepo wa kwanza. Mwalimu alisema hoja hiyo ina kasoro kidogo ila ataijadili siku nyingine. Boke aliulizwa. Alisema mama yake hatapenda, lakini hata yeye Boke ana watoto wanaopita pale. Ilikubaliwa kwa kauli moja.

KUMB. NA. 6/3/93: MENGINEYO
Kikao kilihamia njia ya mtoni kikiwa bado hakijafungwa. Wajumbe walilizunguka duara, kila mmoja na chepe lililojaa. Asiye na chepe alishika udongo kwa mikono. Iliamuliwa Katibu ahesabu mpaka tatu.

Katibu alihesabu moja. Alipotamka mbili, Mwenyekiti alikuwa amekwisha kumwaga.

Mwenyekiti anajua kuhesabu. Maduara yake yanahesabiwa na yeye mwenyewe. Udongo ulisikika ukigonga maji chini. Hakuna mjumbe aliyesogea. Katibu hakutamka tatu.

Boke alizunguka ukingo mpaka aliposimama Mwenyekiti, akapiga goti kidogo na kusema, "Shikamoo, tata," yaani baba kwa lugha ya kwao.

Mwenyekiti aliweka chepe lake chini. Kisha alisema, "Marahaba, mwanangu. Pole."

Baada ya hapo wote walimwaga.

KUMB. NA. 7/3/93: KUFUNGA
Kikao kilifungwa giza lilipoanza kuingia, duara likiwa limejaa usawa wa njia. Mwalimu aliombwa afunge kwa sala. Yeye aliendelea kushindilia udongo kwa miguu.

Zimethibitishwa palepale:

Mseti, Mwenyekiti (amesaini kwa dole gumba, wino haukuwepo, ni udongo)

Everlyne Atieno, Katibu