Viatu Ulivyosema Nisiviguse

Opiyo mwanangu,

Wiki hii nimevitoa viatu vyako chini ya kitanda. Vile vyeupe vya baiskeli, alivyokutumia pacha wako kutoka ughaibuni. Nimevipangusa vumbi na kuviweka mezani, viko mbele yangu ninapoandika. Kanisa letu linafundisha kwamba wafu hawajui neno lolote, nami nimelisimamia fundisho hilo katika Shule ya Sabato tangu hujazaliwa. Hata hivyo nakuandikia. Naandika kwa Kiswahili ili mkeo Boke aweze kuisoma barua hii, maana Dholuo yetu ya haraka bado humpita, na huenda yeye ndiye atakayelazimika kuisoma kwa sauti.

Kwanza habari za hapa. Boke hakurudi kwao Migori. Analima lile shamba la chini, na nyanya zake anazipeleka sokoni Kosele. Baiskeli yako ameitundika ukutani na hataki mtu aipande. Mimi moyo umechoka. Daktari pale Homa Bay alibonyeza mguu wangu kwa kidole, shimo likabaki pale pale, akanitazama kwa ule upole niliokuwa nikiwatazama nao wanafunzi waliofeli. Miguu imefura, hakuna kiatu kinachoingia. Naburuta slipa. Vidole hushikwa na ganzi, kisha huwaka moto, na kila vinapowaka nakukumbuka wewe ukiwa umeketi kwenye kiti cha nje.

Siku viatu vilipofika ulinipa kimoja nikishike. "Jaribu kuikunja soli, Japuonj." Japuonj, mwalimu, hukuwahi kuniita baba tena tangu ulipoketi darasani kwangu. Niliibana ile soli ya kaboni kwa mikono miwili, nikaiegemeza gotini, ikakataa kabisa. Ukacheka. "Hiki si kiatu, ni ubao wa kukatia sukuma wiki." Kisha ukanieleza kwamba ukikanyaga pedali kwa kiatu laini, kiatu hujikunja na nguvu zako huishia humo. Kigumu hakili kitu, chote unachokitoa hufika kwenye gurudumu. Mimi niliyefundisha sayansi miaka yote ile nikafundishwa. Ulipotembea navyo uani, vile vipande vya chini vinavyonasa pedali vikigonga saruji, jirani akauliza kutoka upande wa pili wa ua, "Mwalimu, kwani kijana wako ameota kwato?"

Lakini vilikubana. Pacha wako Odongo alivijaribu dukani kwa miguu yake mwenyewe. "Miguu yangu ni yake," aliniambia kwa simu. "Tumetoka tumbo moja, siku moja." Urefu ulikuwa sawa. Upana ndio haukuwa. Yeye nilimpeleka shule ya bweni, akakulia ndani ya viatu vya ngozi. Wewe ulibaki nami, ukaenda shule pekupeku, na mguu wako ukatanuka ulivyotaka. Kwa hiyo kila ulipotoka mazoezini uliketi pale nje, ukazungusha kile kitufe kinacholegeza waya unaokaza kiatu, ukavuta pumzi ndefu. Ubavu wa mguu, karibu na kidole kidogo, ulikuwa mwekundu kama umepigwa. Nikasema tuvipanue.

"Usiviguse, Japuonj. Vitanizoea."

Nikasema sawa.

Hiyo sawa ndiyo ninayotaka kuitubia.

Wiki ya yale mashindano ya baiskeli kutoka Homa Bay hadi Migori, ulikwenda Migori na viatu vyako vya zamani kuizoea barabara, ukaviacha vipya kwangu ili visichoke. Nami nilikuwa nimewaonyesha watoto, mwaka baada ya mwaka, jinsi maharagwe yaliyolowekwa yanavyofura mpaka yanapasua chupa. Nikayajaza maharagwe makavu ndani ya viatu vyako, nikamwagia maji, nikavikaza. Siku ya pili vilikuwa vimetanuka, na nilifurahi kama mtoto. Vilikuwa vimelowa, kwa hiyo nikaviweka juu ya mabati, kwenye jua la mchana, vikauke.

Jua liliilegeza gundi. Nilipovishusha, soli ya kiatu cha kulia ilikuwa imeachama upande mmoja. Nikampelekea fundi viatu wa Kosele. Akaipaka gundi yake, akaikandamiza kwa jiwe, akasema, "Mwalimu, hii ni ya kutembea kanisani. Si ya kazi." Nilimsikia vizuri. Nikaifuta gundi iliyochuruzika, na uliporudi sikusema neno. Uliingiza mguu, ukashangaa. "Si nilikwambia vitanizoea?"

Asubuhi ile pale Homa Bay, mkiwa mmejipanga kwenye mstari wa kuanzia, uliinama. "Kuna kitu kinanichoma chini ya kidole gumba." Ulikuwa umeshashika kile kitufe ufungue. Niliogopa ungeiona ile gundi. Nikasema, "Huo ni woga tu. Panda." Ukapanda, kwa sababu mimi ndiye niliyesema.

Unajua yaliyotokea kwenye mlima wa kuelekea Rodi Kopany. Nilikuwa kwenye pikapu iliyowafuata. Ulikuwa wa tatu, umesimama juu ya pedali, mara mguu wako wa kulia ukachomoka hewani. Soli ilibaki imenasa kwenye pedali kama ulimi. Hukuanguka. Ulishuka, ukaketi kwenye nyasi, ukaangalia wenzako wakipita mmoja mmoja, na waliotangulia ndio walioitwa kwenye kambi ya timu ya taifa Nairobi. Kwa umri wako mlango ule haukuwa wa kufunguka mara mbili. Nilikuja nikaketi kando yako. Ningeweza kusema hapo hapo.

Badala yake nilikusikiliza jioni hiyo ukimpigia Odongo. "Umenitumia viatu feki." Sauti yake niliisikia ikitoka kwenye simu: "Opiyo, nilivivaa mimi mwenyewe." Nawe ukamjibu, "Miguu yako imezoea zulia." Tangu hapo hamkusemezana. Mapacha, ambao zamani mmoja akipigwa mwingine ndiye aliyelia. Nilijiambia hasira ya ndugu hupoa. Kisha homa ikakuchukua kwa siku sita tu.

Odongo alikuja kukuzika. Alisimama nyuma ya watu wote, kwenye ua, kama mgeni. Alipokuja kuniaga aliniambia maneno mawili matatu, nami hayajaniacha: "Alikufa akijua mimi ni mwongo." Nikamshika bega. Nilishika bega, Opiyo. Mdomo haukufunguka.

Juzi nilipovitoa viatu nilitaka kuona kama naweza kuibandika tena ile soli, upumbavu wa mzee. Nikavuta ile pedi ya ndani. Chini yake, pale penye kidole gumba, ilikuwapo punje moja ya haragwe, imekauka, imebonyezwa bapa. Nilidhani niliyatoa yote. Kwa hiyo haukuwa woga. Ulisema kweli, nami nilikuambia upande.

Jana nimempigia Odongo. Nilimwambia tu aje, sikumwambia kwa nini. Simu imeshatuharibia vya kutosha. Amesema Jumapili atakuwa hapa. Nikikata roho kabla hajafika, Boke atamsomea haya, na nimemwonyesha mahali barua itakapokuwa. Nikiwapo, naahidi sitangoja apumzike wala anywe chai. Nitampa kile kiatu cha kulia na ile punje mkononi, nimwambie kwamba viatu vyake vilikuwa vya kweli, na kwamba ndugu yake alidanganywa na mimi. Akitaka kunipigia kelele, nitakaa nisikilize. Akitaka kuondoka, nitamwomba jambo moja tu, apite kwako kwanza.

Sikuombi unisamehe leo. Yeye kwanza.

Lala, mwanangu. Jumapili ukimsikia mtu analia juu yako kwa sauti yako mwenyewe, mwache alie mpaka atosheke. Mimi nitakuwa nimesimama hatua chache nyuma yake, kwenye ua, pekupeku.

Japuonj wako